Sharifu Anawashwa

Ugonjwa wa Sharifu ulipofika Mlola, watu waliupokea kama kejeli. Walizoea wagonjwa wanaoeleweka: huyu ana sukari, yule ana presha, mwingine amepungukiwa damu na anapelekewa maini na mchicha. Sasa mtu mzima, mkulima wa kabichi na karoti, ametoka hospitali kubwa ya Moshi anasema eti ana damu nyingi kupita kiasi. Tangu lini mtu akaugua wingi?

"Watu wanatafuta damu kwa tochi," alisema Mussa, kaka wa mkewe, aliyekuja kumjulia hali kutoka Mgwashi. "Wewe unayo mpaka unaimwaga?"

Alikuwa anaimwaga kweli. Daktari alimweleza kwamba ndani ya mifupa yake damu inatengenezwa bila breki, kwamba ugonjwa huo hauponi ila unatulizwa, na kwamba asipomeza vidonge kila siku na kupunguzwa damu kila inapozidi, ipo siku itaganda kwenye mshipa imwangushe kiharusi. "Damu yako ni nzito mno, mzee wangu," alisema. Sharifu, ambaye hata akiwa na hofu hawezi kuacha neno lipite bila kulijibu, akasema wahenga walishajua hilo, damu ni nzito kuliko maji. Daktari akamwambia ya kwake imeipita hata methali.

Kabla ya hapo kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba Sharifu anakunywa boha, ile pombe ya miwa, maana uso ulikuwa umemwiva na macho mekundu asubuhi mpaka jioni. Aliswali swala tano, lakini macho mekundu hayasikilizi utetezi. Kwa hiyo ugonjwa ulimsafishia jina kwanza, halafu ukatafuta namna nyingine ya kumchafua.

Basi akawa mtu wa kwenda Lushoto mjini kutolewa damu. Analala kitandani, anachomwa sindano nene, mfuko unajaa, anapewa soda, anarudi nyumbani. Siku ya kwanza aliuliza damu yake wanampa nani. Muuguzi akamjibu kwamba inatupwa, haimfai mtu. Jibu lile lilimuuma kuliko sindano.

Majirani nao hawakuelewa, na hawakutaka kueleweshwa. Mgonjwa wa damu ni mgonjwa wa damu, na dawa ya damu ni matunda damu, yale mekundu yanayozaa nyuma ya kila nyumba. Kila aliyekuja kutoa pole alikuja na kikapu. Aliyezidi wote alikuwa Scholastica, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mlutheri wa kwaya, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na kizibo. "Kunywa juisi, Baba Zuhura, kunywa, urudishe zile wanazokuibia hospitali." Sharifu alikunywa, kwa kuwa cha jirani hakikataliwi, na kila akimaliza glasi alijiona msaliti.

Yote hayo angeyaweza. Kumwagwa damu aliweza, vidonge aliweza, hata neno kwamba atakufa nao ugonjwa wake alikwishalimeza. Kilichomshinda kilikuwa maji ya kuoga.

Kulianza kidogo kidogo baada ya palizi ya karoti. Anatoka shambani, anaoga, anajifuta, na kabla hajavaa shati mwili unaanza kuwasha. Si kuwasha kwa mbu. Ilikuwa kama mtu amenyunyiza upupu kwenye ndoo, tena upupu wa chini ya ngozi, mahali ambapo kucha haifiki. Mapaja, mgongo, tumbo, yote kwa pamoja. Anajikuna mpaka ugali unasongwa, unaiva na unaliwa, ndipo mwili unatulia wenyewe bila kuomba radhi. Alibadilisha sabuni. Akaacha sabuni. Akaoga maji ya moto, ikawa mbaya zaidi. Akaoga ya baridi, na maji ya baridi ya Mlola mwezi wa saba ni adhabu inayojitegemea, ikawa ile ile. Na ngozi ukiitazama, safi. Haina upele, haina harara, haina hata doa la kumwonyesha mtu.

Wiki ya kwanza alimwambia mkewe. Hadija akawasha tochi ya simu, akamkagua mgongo wote kwa makini kama anayechagua mbegu, akampaka mafuta ya nazi. "Hakuna kitu, Baba Zuhura. Hata kipele cha kusingizia." Baadaye, akiwa anapembua maharage, akasema bila hata kuinua kichwa: "Ni mawazo tu hayo. Ugonjwa umekuingia kichwani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua itakuja. Lakini Sharifu alilibeba neno lile, na lilipokutana na la daktari kijana mmoja kule mjini, ambaye naye alimkagua, akaona ngozi safi, akampa dawa ya kupaka na kumwambia ni wasiwasi, yakawa maneno mawili. Mtu anaweza kuleta nyumbani ugonjwa mmoja usioonekana na akahurumiwa. Akileta wa pili anaitwa mwongo. Sharifu akafunga mdomo, akaachana na maji kimya kimya, bila mashahidi.

Udhu aliuvumilia. Ni mikono, uso, kichwa na miguu. Ukiwasha, mtu anajikuna safuni na Mungu anaona. Mwili uliobaki aliufuta kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, haraka haraka kama anayefuta meza, na hata unyevu huo ulimwasha. Na hapa msomaji mwenye haya atazame pembeni kidogo, maana tunaingia chumbani.

Dini yake ina sharti linalojulikana na kila mtoto wa madrasa, ingawa madrasani hulisema wakiwa wameinama: mume na mke wakishakuwa mume na mke, hakuna swala mpaka waoge. Si kunawa, kuoga, maji yafike kila unywele. Katika miaka yote ya ndoa Sharifu hakuwahi kuliona sharti hilo kuwa zito. Alikuwa akioga huku anaimba. Sasa likawa mlima. Kila akimtazama Hadija akifungua kilemba, moyo ulimwambia sogea, na papo hapo aliiona ndoo ya asubuhi imemngoja na upupu wake. Hakutaka kuacha swala, na hakuweza kuoga. Kilichobaki ni kulala mapema.

Alilala mapema kabla ya Mfungo. Mfungo ukaja, ukapita, akaendelea kulala mapema. Mara amechoka, mara sindano imemlegeza, mara anasikiliza taarifa ya habari ya redio mpaka wanataja bei ya kahawa, yeye ambaye hana hata mche mmoja wa kahawa. Hadija hakuuliza. Mwanamke wa Kishambaa aliyelelewa vizuri hamuulizi mumewe jambo kama hilo. Anakaa nalo, linaiva, na siku likiiva mumewe atajua.

Sharifu angeishia tu hapo, huenda yangepita. Lakini mtu asiyeoga hunuka, hata akijifuta, na mtu anayekaa na kabichi hunuka kabichi iliyolala. Akaenda gulioni kwa Shamsa, mjane anayeuza udi na marashi, akanunua chupa. Chupa ikaisha, akanunua nyingine. Hebu wewe mwenyewe mpime mwanaume huyo: hamgusi mkewe, anajipaka marashi asubuhi, na marashi anayanunua kwa mjane mzuri ambaye bado hajaolewa. Hata mimi ningemhukumu.

Kilichokamilisha kesi kilikuwa Kiswahili chenyewe. Kiswahili ni kitamu lakini kina mitego. Upupu unawasha, pilipili inawasha, hayo hayana neno. Ila mtu mzima mwenye familia akisemwa anawashwa, watu hawaendi kumtafutia dawa ya ngozi. Wanawaambia binti zao waingie ndani.

Siku ya kutolewa damu Sharifu alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki kule mjini, benchi limejaa. Scholastica naye alikuwepo, amefuata vidonge vyake vya presha, amebanwa mwisho kabisa. Muuguzi, kijana mchangamfu aitwaye Emanueli, akatoa kichwa dirishani akauliza kwa sauti:

"Mzee Sharifu! Mbali na damu, kuna kingine kinakusumbua?"

Miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali hilo. Lilimkuta hajajiandaa. Moyo ukamjaa, na kwa kuwa muuguzi alikuwa mbali, akajibu kwa sauti ya shambani:

"Nawashwa!"

Benchi zima likamgeukia.

"Unawashwa?"

"Sana. Kila siku. Hasa jioni."

Mwanamke mmoja akafunika uso kwa kitenge. Mzee mwenye fimbo akaanza kutetemeka mabega. Emanueli alijaribu kubana midomo, ikamshinda. "Hilo, mzee wangu, ukamwambie mama nyumbani," akasema, na benchi zima likaanguka kicheko, wagonjwa wa presha, wa sukari, hata aliyekuwa na bandeji mguuni. Sharifu alitaka kueleza habari ya maji, lakini mtu huelezaje habari ya maji mbele ya watu wanaofuta machozi ya kicheko? Akainama, akasubiri sindano yake, na aliporudi nyumbani alikuta neno limeshafika. Scholastica alikuwa amewahi gari la mbele.

Kwa kumtendea haki Scholastica, hakulisema kwa fitina. Alilisema kwa uchungu, kama dada. "Mama Zuhura, mimi sipendi maneno, wajua. Lakini ametamka kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba anawashwa. Tena hasa jioni." Mpaka siku ya gulio, Mlola yote ilijua kwamba Sharifu anaoa mke wa pili, kwamba ni Shamsa, na kwamba zile damu zilizozidi, sasa imeeleweka zilikuwa zinamsukuma wapi.

Hadija hakupiga kelele. Alipika, akatenga, akala jikoni. Siku ya pili alimpigia simu kaka yake. Siku ya tatu Sharifu alitoka shambani akakuta begi la mkewe sebuleni, limefungwa zipu, na Mussa amekaa pembeni yake ametoa macho, na Ustadh Omari, imamu wa msikiti wao, anakunywa maji kwa utaratibu wa mtu anayejua mazungumzo yatakuwa marefu.

Sharifu alilitazama lile begi. Watoto wao walishaolewa na kuhamia mabondeni. Ugonjwa wake ni wa kudumu, daktari alisema, na katika hesabu zake zote za kudumu nao, kila alipojiona anameza vidonge uzeeni, aliyekuwa anampa maji ya kumezea alikuwa Hadija. Hakuwahi kufikiri nyumba bila yeye. Hakujua hata chumvi inakaa wapi.

"Shikamoo shemeji," akasema.

"Marahaba," akajibu Mussa, kama anayetema mbegu.

Ustadh alifungua kikao kwa dua, kisha akampa Hadija nafasi. Hadija aliongea Kiswahili kitupu, bila kuchanganya hata neno moja la Kishambaa, na hapo Sharifu alijua mambo yameharibika, kwa kuwa nyumbani Kiswahili ni cha wageni na cha ugomvi mkubwa.

"Ustadh, huyu bwana hajanigusa tangu kabla ya Mfungo. Anajipaka marashi kama bwana harusi. Na hospitali amesema mwenyewe, mbele za watu, kwamba anawashwa. Kama anaoa, aoe. Dini imemruhusu, mimi ni nani? Lakini asinifanye mjinga ndani ya nyumba yangu. Aniambie, niende kwetu Mgwashi."

"Sharifu," akasema Ustadh, "ni kweli ulitamka hivyo?"

"Nilitamka."

Mussa akapiga paja. "Amekiri!"

"Nakiri. Nawashwa. Nawashwa mpaka nalia, shemeji."

"Astaghfirullah! Mbele yangu! Mimi kaka yake!"

"Na maji!"

"Maji gani?"

"Maji ya kuoga! Nikioga nawashwa mwili mzima, wallahi. Mapaja, mgongo, kila mahali."

Mussa aliinuka nusu. "Mgosi, mimi nimetoka Mgwashi kwa bodaboda na mgongo huu unaoniuma. Usinichezee. Na Shamsa je? Naye ni maji?"

"Shamsa nanunua kwake marashi kwa sababu sijaoga!"

Likawa limetoka. Mbele ya imamu, mbele ya shemeji, mtu wa safu ya mbele msikitini ametamka kwamba haogi. Ustadh Omari, ambaye walikuwa wamekaa kochi moja, alijisogeza kidogo kuelekea ukutani, kwa adabu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Najifuta kwa kitambaa," akasema Sharifu, na sauti ikamfifia.

Hadija hakucheka. "Uongo," akasema. "Niliiangalia ngozi yake kwa macho yangu haya. Haina kitu."

"Ndiyo maana sikukuambia tena."

"Hukuniambia nini?"

"Ulisema ni mawazo. Ulisema ugonjwa umeniingia kichwani." Sasa Sharifu alikuwa anazungumza Kishambaa, na hakumtazama mtu mwingine. "Na daktari akasema hivyo hivyo. Mkishasema wawili, mimi nina nini cha kuonyesha?"

Hadija akasimama, akajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kuchota.

"Basi oga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na mimi nitasimama pale pale nikuangalie."

Bafu lao lilikuwa nyuma ya nyumba, mabati manne na sakafu ya mawe. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni. Hadija alijaza ndoo mwenyewe, akaiingiza, akaingia na yeye, akafunga mlango wa gunia. Sharifu alivua nguo mbele ya mkewe mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata siku za ujana, na wote wawili wakaona haya kama wachumba.

Alijimwagia kopo la kwanza, la pili, mpaka ndoo ikaisha. Akajifuta. "Sasa?" akauliza Hadija. "Subiri," akasema Sharifu, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze aliogopa kitu kipya: kwamba leo hayatakuja. Kwamba leo, siku ya ushahidi, mwili utamsaliti na kukaa kimya, na begi litaondoka.

Yakaja. Yalianzia mapajani kama kawaida, yakapanda. Mwanzoni alijikaza kiume, ameuma meno, amebana ngumi. Halafu mguu mmoja ukaanza kuruka wenyewe, akajikuna tumbo, akajikuna ubavu, na mgongo alipoukosa akaugandamiza kwenye bati akausugua juu chini kama mbuzi kwenye kichuguu. Mabati yakapiga kelele nyumba nzima.

"Wanapigana?" ilisikika sauti ya Mussa kutoka sebuleni.

"Kaa chini, Mussa," ilisikika ya Ustadh.

Hadija alisogea. Aliuweka mkono mgongoni kwa mumewe, akapitisha kiganja polepole. Ngozi ilikuwa laini, baridi, haina kitu. Chini ya kiganja nyama ilikuwa inatetemeka. Akamgeuza amtazame usoni, akaona machozi yanatiririka kwa mtu ambaye hakulia hata alipomzika mama yake.

"Wapi?" akauliza.

"Kila mahali."

"Na ingekuwa hivi kila baada ya... kila mara sisi..."

"Kila mara. Halafu swala ya alfajiri inangoja."

"Kwa hiyo ulikuwa unaikimbia ndoo."

"Ndoo, Mama Zuhura. Si wewe. Wallahi si wewe."

Hadija aliigeuza ile ndoo tupu kifudifudi, akaikalia, na akalia. Alilia kwa sauti, bila kujali walioko sebuleni. "Nilidhani umenichoka," akasema. "Nilikuwa najitazama kwenye kioo, naona tumbo, naona jino lililong'oka, nasema ndicho anachokikimbia. Miezi yote hii. Na mimi ndiye niliyekuambia ni mawazo." Sharifu alitaka kumkumbatia. Alimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi, na alikuwa na aibu ya kumwacha alie peke yake miezi yote ile. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi mgongoni, kwa hiyo alimwinamia tu, akamgusisha kipaji cha uso kichwani, huku anajikuna.

Alipotulia, Hadija alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Kwenye ngozi sioni kitu hata sasa," akasema. "Lakini mtu hawezi kuigiza hivi. Wewe hata huzuni ya msibani huwezi kuiigiza." Akaanza kumkuna mgongo kwa kucha zake, akianzia mabegani, na hakuacha mpaka upupu ulipoondoka wenyewe.

Waliporudi sebuleni, Sharifu amevaa kanzu safi na Hadija macho yamevimba, Mussa aliwatazama mmoja mmoja akitafuta aliyeshinda. Hadija alilichukua begi lake akalirudisha chumbani. Kisha akakaa mbele ya Ustadh, na Kishambaa chake kikarudi.

"Ni kweli. Maji yanamdhuru. Sasa dini inasemaje?"

Ustadh Omari alisafisha koo. Mtu ambaye maji yanamdhuru, akasema, Mwenyezi Mungu amemfanyia wepesi, anatayamamu kwa udongo safi. Lakini ili asiwe anafuata uvivu wa nafsi yake, madhara yajulikane, na njia nzuri ni neno la daktari mwaminifu. "Madaktari wanasemaje?"

"Hawaoni kitu," akasema Sharifu.

"Basi hapo pana ugumu."

"Hakuna ugumu," akasema Hadija. "Mimi nimeona. Daktari alimtazama kwa tochi akiwa mkavu. Mimi nimemtazama akiwa ameoga. Nani ameona zaidi?"

Ustadh alifikiri. Alimtazama Hadija, akamtazama Sharifu ambaye bado alikuwa na alama za kucha shingoni. "Mke ana haki ya kusikilizwa katika hili," akasema hatimaye. "Atayamamu. Lakini Sharifu, rudi kwa wale wa damu wenyewe, kule Moshi, uwaambie habari ya maji. Umewahi kuwaambia?"

"Waliniuliza kama naumwa. Haya hayaumi, yanawasha."

"Nitakwenda naye mimi," akasema Hadija, "na nitasema mimi. Akisema yeye watacheka." Kisha akanyoosha mgongo. "Ustadh, samahani. Huo udongo ni kwa udhu tu, au unafaa na kwa lile kubwa?"

"Hadija!" Mussa alikohoa mpaka akashika kifua.

"Kaka, uliitwa kusuluhisha ndoa. Unaisuluhisha au unaikimbia?"

Ustadh Omari alitazama dari, kisha akajibu kama alivyofundishwa, bila kupepesa. "Hata kwa lile kubwa, maadamu udhuru upo. Anapiga viganja kwenye udongo, anapaka uso, anapaka mikono. Basi."

"Basi?"

"Basi."

Hadija akatoka. Walimsikia nje akichukua jembe, kisha wakasikia chekeche la unga likigongwagongwa kwa muda mrefu. Wanaume watatu walikaa wakisikiliza bila kutazamana. Aliporudi alikuwa na ndoo ya lita ishirini mkononi, imejaa mpaka juu udongo laini wa kwenye tuta la karoti, umechekechwa kama unga wa mgeni, na alikuwa anaipitisha sebuleni kuelekea chumbani.

"Mama Zuhura," akasema Ustadh kwa upole, "hukunielewa vizuri. Kisahani kimoja kinatosha."

"Kisahani ni cha leo, Ustadh," akasema Hadija, akaingia chumbani na ndoo yake.

Mussa akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake.